Kupitia kwa Mkuu wa Ghala

Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumanne, katikati ya msimu wa kahawa, mama mmoja kutoka Izimbya alikataa kipimo changu. Naijua dakika kwa sababu nilikuwa na mazoea ya kuandika saa pembeni mwa kila sampuli, na sampuli yake ilikuwa ya nne siku hiyo. Mashine ya kupima unyevu ilionyesha kumi na tano nukta moja. Kikomo cha kampuni kilikuwa kumi na tatu. Kila alama iliyozidi hapo, mkulima alikatwa kilo moja katika kila kilo mia, kwa hoja kwamba kampuni hainunui maji kwa bei ya kahawa.

"Kumi na tano?" akauliza. "Nimeianika siku kumi na moja, waitu, ndugu yangu. Kwenye mkeka, si chini. Ikitishia mvua naiingiza ndani kama mtoto."

"Mama, mimi nasoma tu kilichoandikwa."

"Basi soma na hii."

Akachukua punje moja iliyokauka na ganda lake, akaiweka kwenye magego, akaiuma. Ilivunjika kwa mlio uliosikika hadi mwisho wa foleni.

"Kitu chenye maji kinalia hivyo?"

"Mashine imeamkia rubisi," mzee mmoja akasema kutoka nyuma, na foleni yote ikacheka. Mwingine akaongeza kwamba rubisi ni pombe ya ndizi tu, hiyo ilikuwa na dalili zote za konyagi.

Mama hakucheka. Alisaini karatasi, akakatwa kilo zake mbili kwa kila mia, akaondoka. Alipokwisha kwenda nilichukua punje kutoka kwenye kisahani chake nikaiuma na mimi. Ilikuwa ngumu kama kokoto.

Meno si chombo cha kipimo, nalijua hilo. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye meza ile, katika ghala la kampuni moja inayonunua na kukoboa kahawa mjini Bukoba, kwa misimu tisa. Mikono yangu ilikwisha shika kahawa nyingi kiasi kwamba kabla mashine haijasoma nilikuwa nakisia, na mara nyingi nilikosea kwa chini ya alama moja. Msimu ule nilikuwa nakosea kila mara, na kila mara kwa upande uleule. Nilikuwa nimejiambia kwamba ni uzee.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Vingine nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kamusi iliyopoteza jalada. Kijitabu cha maelekezo cha mashine kilikuwa cha Kiingereza, nami katika msimu wangu wa pili nilikitafsiri chote kwa mkono kwenye daftari, jioni baada ya jioni, kwa sababu sikupenda kutumia kitu nisichokielewa. Hakuna aliyeniagiza. Ndani ya kabati langu ilikuwako pia mashine ya zamani ya aina ileile, iliyoondolewa kazini kwa kuwa kioo chake kilipata ufa. Jioni ya Jumanne ile nilinunua betri, nikaiwasha. Ufa ulipita katikati ya tarakimu, lakini zilisomeka.

Kwa siku sita za kazi nilipima kila sampuli ya kumi mara mbili: kwanza kwa mashine mpya mbele ya mkulima, kisha kwa ya zamani wakati wa mapumziko. Nilichora safu mbili kwenye daftari. Mashine mpya ilisoma kumi na nne na nusu, ya zamani ikasoma kumi na mbili na nusu. Kumi na tano nukta tatu, kumi na tatu nukta mbili. Tofauti ilikuwa alama mbili au karibu sana na hapo, iwe kahawa imetoka Rubafu au imetoka Izimbya, iwe asubuhi au mchana.

Siku ya sita nilikumbuka ukurasa wa daftari langu unaoeleza marekebisho. Mashine ile ina nafasi ya kuongeza au kupunguza alama kwenye kila kipimo, endapo mtaalamu ataona inasoma pungufu au zaidi. Kuibadilisha nafasi hiyo kunahitaji namba ya siri. Kuisoma hakuhitaji kitu. Unabonyeza kitufe kimoja sekunde tano. Nilibonyeza. Ikaandika: jumlisha mbili.

Namba ya siri alikuwa nayo mkuu wa ghala peke yake.

Sikujua kilo zile zilizokatwa zilikwenda wapi, na hadi leo sijui. Kahawa iliyoingia ghalani ilikuwa nyingi kuliko iliyolipiwa, hilo ni hesabu ya kawaida. Ziada ile ilitoka kwa jina la nani, sikuona, kwa hiyo sikuandika. Niliandika nilichokiona tu: kwamba mashine imewekewa alama mbili za nyongeza bila cheti cha mtaalamu, kwamba wakulima wanakatwa isivyo haki, na kwamba naomba ikaguliwe. Karatasi moja ya maelezo, karatasi moja ya vipimo. Niliiandika nyumbani Kitendaguro, kwenye meza ya chakula, mke wangu akimenya ndizi upande wa pili.

"Orodha ya ajira inatoka lini?" akauliza.

Alijua inatoka lini. Msimu ule kampuni ilikuwa imeahidi kuchukua vibarua watatu wa msimu na kuwapa ajira ya kudumu, yenye likizo, matibabu na mshahara hata miezi ambayo hakuna kahawa. Mkuu wa ghala mwenyewe aliniambia jina langu ndilo la kwanza. Misimu tisa nilikuwa naomba hilo tu. Kila kahawa ilipokwisha nilirudi kwenye migomba na kungoja simu.

"Mwisho wa mwezi," nikamjibu.

"Basi barua hiyo iandike mwanzo wa mwezi unaofuata."

"Kila siku ninayongoja nakata watu kilo kwa mkono wangu."

"Umezikata tangu msimu uanze, baba watoto. Wiki tatu zimekuwaje nyingi?"

"Nilikuwa sijui. Sasa najua."

Alimenya ndizi mbili tatu. Kisha akasema, "Haya. Lakini usiseme hukuambiwa."

Kesho yake, Jumatano, niliipeleka barua masjala, chumba ambacho barua zote za ofisi hupokelewa na kupewa namba. Nilikuwa nimeielekeza kwa meneja. Dada wa masjala aliniamkia, akaifungua, akasoma mistari ya juu tu, akanirudishia.

"Baba, hii siwezi kuipokea. Haina k.k."

Kwa asiyewahi kufanya kazi katika ofisi zetu: barua ya mtu wa chini haipandi moja kwa moja. Lazima ipite mikononi mwa mkubwa wake wa karibu, na jina la cheo chake huandikwa chini ya jina la anayeandikiwa, likitanguliwa na herufi hizo mbili, yaani kupitia kwa. Mkubwa huyo huisoma, huandika maoni yake pembeni, ndipo huipandisha.

"Lakini barua inamhusu yeye," nikasema.

"Ndiyo maana ipitie kwake. Asije akasema amerukwa."

"Na akiikalia?"

Dada yule alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Meneja hupita hapa saa nne kunywa chai. Mwambie kwa mdomo tu, baba. Mimi sijasikia kitu."

Nimeufikiria ushauri ule kuliko jambo lolote lingine katika maisha yangu ya kazi. Mlango wa meneja ulikuwa hatua chache kutoka pale. Lakini neno la mdomo halina namba ya jalada. Mtu akilikana, limekanwa. Tena mimi ndiye niliyekuwa nikiwasema vijana wa upakizi waliokimbilia kwa meneja kila walipogombana na msimamizi. Niliwaambia utaratibu upo kwa ajili ya kumlinda mdogo. Nilikuwa naamini hivyo. Mchana niliandika upya ukurasa wa kwanza, nikaongeza: K.K. Mkuu wa Ghala. Kisha nikampelekea mtu ninayemshuku barua inayomshuku.

Mkuu wa ghala alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama minane, mtu mpole, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kusomea matangazo ya ibada. Juu ya meza yake kulikuwa na kijikapu cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo katika nyumba yoyote ya Kihaya inayojua kupokea mgeni. Alinisogezea.

"Tafuna kwanza, mzee wangu. Barua haikimbii."

Nilichukua punje mbili. Alisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Umeandika vizuri," akasema. "Kosa la herufi hata moja silioni. Watu wa digrii hawaandiki hivi."

"Nashukuru."

"Na hii mashine ya zamani unayoitaja, iko wapi?"

"Kabatini kwangu."

"Umeitaja ndani ya barua, kwa hiyo ni kiambatisho. Kiambatisho kinakwenda na barua. Au nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Nilikwenda nikaileta. Zaidi ya hapo, nilifungua daftari la kupelekea barua nikaandika kwa mwandiko wangu bora: barua moja, karatasi mbili, kipima unyevu kimoja chenye ufa, betri ndani. Akasaini. Nikatoka nikiwa na furaha ya mtu aliyekabidhi kitu kwa ushahidi wa maandishi, bila kuona kwamba nilichokabidhi ndicho ushahidi wenyewe.

Siku nane barua haikufika juu. Nilimuuliza mara mbili. Mara zote mbili alinijibu kwa upole kwamba anaandaa maoni. Ghalani habari zilikuwa zimevuja. Wapakizi walianza kuniita Mzee wa Unyevu.

"Mzee wa Unyevu, hebu ipime chai hii. Naona wameiongeza maji."

"Usimchokoze," mwenzake akamwambia, "atakuandikia barua, na itabidi upewe wewe mwenyewe ujipelekee."

Walicheka, nami nilicheka nao kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku ya tisa, Alhamisi, sampuli ya kwanza ilisoma kumi na mbili nukta sita. Ya pili kumi na mbili nukta tisa. Ya tatu kumi na mbili na nusu. Foleni ikachangamka, kwa mara ya kwanza msimu ule watu walipita mezani kwangu bila kukatwa. Kwa karibu nusu saa nilikuwa mtu mwenye furaha kabisa. Nilidhani barua imefika na imefanya kazi. Kisha nikabonyeza kitufe sekunde tano. Ikaandika: sifuri. Hapo ndipo nikaelewa kwamba sasa barua iko tayari kupandishwa.

Mchana uleule mkulima mmoja wa Rubafu alishusha mkungu wa ndizi mlangoni pa ofisi ya mkuu wa ghala. "Wakola, tata," alimwambia, yaani asante, baba, mbele yetu wote. "Tumesikia umeagiza mashine itengenezwe. Mungu akuongezee." Mkuu wa ghala aliupokea mkungu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale na daftari langu kwapani.

Kikao kilikaa Jumatatu iliyofuata: meneja, mkuu wa ghala, na afisa utumishi aliyeandika kumbukumbu. Mtaalamu wa vipimo alikuwa amekuja Jumamosi, akaikagua mashine mpya, akaipa cheti. Meneja alinisomea maoni yaliyoandikwa pembeni mwa barua yangu: "Naipitisha. Mashine imekaguliwa na haina kasoro. Mwandishi alitumia kifaa kibovu kilichokwisha kuondolewa kazini, bila kibali." Nilitafuta uongo katika sentensi hizo sikuupata. Kila neno lilikuwa la kweli. Jambo hilo hunikera hadi leo kuliko kama angedanganya.

"Una la kusema?" meneja akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa. Tuchukue karatasi za makato za siku nane kabla ya Alhamisi na za siku mbili baada yake. Kahawa ni ileile, vijiji ni vilevile. Makato yamekwisha kwa siku moja. Kahawa ya wilaya nzima haiwezi kukauka kwa usiku mmoja."

"Jua limekuwa kali," mkuu wa ghala akasema.

"Jumatano mvua ilinyesha."

"Mzee," meneja akasema, na nikaona amechoka, wala si mtu mbaya, "tulichoitwa kuamua hapa ni kama mashine ina kasoro. Mtaalamu amesema haina. Hayo ya makato siyo hoja ya kikao hiki."

"Ni hoja ya kikao kipi?"

Afisa utumishi aliacha kuandika. Nilimwomba arekodi swali langu, akaniambia kumbukumbu hurekodi maazimio, si maswali. Azimio lilikuwa moja: kwa kuwa nimemtuhumu kiongozi wangu bila uthibitisho, na ili kulinda amani ya kazi, nihamishiwe kituo cha Muleba kuanzia wiki inayofuata.

Muleba kampuni ilikuwa na stoo ya magunia matupu. Kazi yangu ilikuwa kuyapokea, kuyakung'uta, kuyafunga hamsini hamsini, na yale yaliyochakaa kuwauzia wafanyabiashara wa dagaa waliokuja kutoka visiwani. Wengi wao si wenyeji wa huku; wametoka Mara, Mwanza, Ukerewe, wengine mbali zaidi, na Kiswahili chao kina haraka kuliko chetu. Habari yangu ilifika kabla yangu. Ziwani habari hazikawii.

"Wewe ndiye uliyeshindwa kesi na mashine?" akaniuliza mama mmoja muuza dagaa siku yangu ya pili.

"Si kesi. Ni kikao."

"Ulishinda?"

"Hapana."

"Basi ni kesi." Akaanza kunichagulia magunia mwenyewe. Nilimzuia, nikayakagua moja moja dhidi ya mwanga, nikayatenga yenye matundu. Aliniangalia kwa muda. "Baba huyu! Anakagua hadi kitu cha kutupa. Ungekuwa kwetu kisiwani wangekutosa majini mapema." Kisha, kwa sauti nyingine: "Kwa nini hukuwaambia wenye kahawa? Wangemshika shati palepale."

Swali hilo niliulizwa na mke wangu, na dereva wa gari la kampuni, na mtu aliyeketi jirani yangu kanisani. Kila mmoja alikuwa na ushauri mzuri kwa jambo lililokwisha. Niliwajibu kwamba kama ningewaambia wakulima, ningekuwa nimeichochea foleni, na uchochezi hufukuzisha siku hiyohiyo. Jibu hilo lilikuwa sahihi. Lakini nilikuwa nalitoa nikiwa nimesimama katikati ya magunia matupu, na msikilizaji aliangalia magunia, kisha mimi.

Orodha ya ajira ilibandikwa mwisho wa mwezi kama ilivyoahidiwa. Sikwenda Bukoba kuisoma. Dada wa masjala alinipigia simu.

"Baba, nimeisoma mara tatu."

"Nimeelewa."

"Wa kwanza ni yule kijana wa mizani. Ana misimu miwili."

"Ni kijana mwangalifu," nikasema, na nilimaanisha. Dada yule akasema ana barua yangu nyingine, imeingia asubuhi hiyo na inatoka mchana huo. Ilinifikia Muleba kesho yake. Ilisema kwamba kwa sababu ya kupungua kwa kazi kituoni, mkataba wangu wa msimu unasitishwa, na natakiwa kukabidhi stoo. Magunia siku hiyo yalikuwa yamejaa hadi darini. Nilihesabu mafurushi yote, nikaandika taarifa ya makabidhiano kwa nakala mbili, nikasaini, nikapanda gari kurudi nyumbani.

Mke wangu alinipokea bila kusema aliloniambia awali. Aliweka chakula. Baadaye, akitoa vyombo, akauliza kama angalau wale watu wa Izimbya bado hawakatwi. Nilimwambia sijui, kwamba mashine ilisoma sawasawa nilipoiacha, na kwamba anayeijua namba ya siri ni yuleyule. Hilo ndilo linaloniamsha mapema siku za msimu. Si kazi niliyoipoteza inayoninyima usingizi. Ninachotaka ni mtu abonyeze kile kitufe sekunde tano, na sina wa kumwomba.

Kwenye ofisi ya serikali ya mambo ya kazi niliambiwa mkataba wa msimu una kifungu kinachoruhusu kusitishwa kazi ikipungua, na kwamba kupungua kwa kazi huthibitishwa na mwajiri. Niliomba kifungu, nikakisoma, nikaona kimeandikwa hivyo.

Nimefanya kwa uangalifu hesabu ya kile barua ile ilichonigharimu. Ajira ya kudumu siiweki, kwa sababu sikuwahi kuwa nayo. Nauli za Muleba siziweki, wala betri. Kilo za wakulima ningeziweka lakini karatasi za makato sinazo. Kinachobaki ni wiki kumi na moja za msimu nilizokuwa nimesainia, kwa ujira wa shilingi elfu themanini na nne kwa wiki: shilingi laki tisa na elfu ishirini na nne.